Nimepeleka visu vitatu kwa mzee wa Majengo

Nianze na mahali alipo huyu mnoa visu, maana najua wengine mkishapata hilo mnafunga simu na kwenda zenu. Ni Majengo, Dodoma mjini. Ukitoka sokoni kwa upande wa wauza kamba na viroba, fuata ukuta mpaka uone mwarobaini mkubwa. Chini yake kuna benchi la mbao lililochakaa, ndoo ya maji, mawe matatu, na mzee aliyevaa kofia ya sufu hata jua liwake vipi. Hana kibao wala kadi. Uliza "mzee wa visu", bodaboda yeyote atakuonyesha kwa kidevu.

Anapatikana Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka kivuli cha mwarobaini kihame benchi, yaani kama saa tisa. Jumamosi yuko mnadani Msalato akiwanolea wachoma nyama, na huko hana muda na kisu chako cha mfukoni. Kisu cha jikoni ni shilingi 1,000, panga 1,500, cha kukunja 2,000. Mimi kimoja kilinigharimu 6,000, nitaeleza kwa nini. Chenji hana, wala sijawahi kumkuta nayo. Nenda na noti ndogo, la sivyo atakutuma kwa muuza karanga, na muuza karanga atakutuma kwa muuza vocha.

Mimi nalima zabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa, ekari mbili na nusu. Kupogoa napogoa kwa mkasi kama watu wote, lakini kisu cha kukunja hakinitoki mfukoni. Nakatia vichala, nakatia kamba za kufungia matawi, nachongea vijiti, na saa sita namenyea embe. Mwaka 2011 Mfaransa mmoja aliyekuja kuona mashamba alishinda kwangu mchana kutwa, akala mlenda bila kuuliza maswali, na wakati wa kuondoka akaniachia kisu chake. Ni Opinel namba 8. Kwa wasiokijua: mpini wa mti, bapa la sentimita 8.5, na pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha kisu hakijifungi juu ya vidole. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa. Pete iliongezwa mwaka 1955. Ni kisu cha wakulima kabisa, hakina madaha. Changu ni cha chuma cha kaboni, yaani kile kinachoshika kutu usipokijali.

Mwaka jana, msimu wa mavuno ya Agosti, kilikuwa kimekufa makali. Nilikuwa mjini, nina haraka, nikakipitisha kwenye karakana moja ya kuchomelea mageti. Kijana akawasha grainda, cheche zikaruka mpaka barabarani, na kabla sijamaliza kusalimiana na mwenzake akanirudishia: "Tayari, mama." Na kweli kilikuwa kikali, kilinyoa vinyweleo vya mkono wangu. Karibu na ncha kulikuwa na rangi ya bluu inayometameta kama shingo ya njiwa. Nikaona amenipambia. Nikamwongezea na soda.

Kesho yake sikumaliza kreti ya pili. Kisu kikawa kinaponda vikonyo badala ya kuvikata. Nikakipitisha kwenye kinoo cha nyumbani, kikashika makali kwa dakika kumi, kikafa tena. Nikawa nakilaumu chuma cha Wafaransa. Shemeji yangu anayeuza mbuzi ndiye aliyeniambia: hicho hakijafa chenyewe, kimeuawa, kipeleke kwa mzee wa Majengo.

Nilipofika nikamwamkia, akaitika, akaniuliza habari za shamba kana kwamba tulionana jana. Kisu hakukigusa kwanza. Aliuliza, "Kinakata nini?" Nikasema zabibu. "Zabibu tu?" Kamba pia. "Kamba ya katani au ya nailoni?" Nikaanza kuchoka, maana nyuma yangu kulikuwa na mama lishe ana visu vinne na hasira. Ila baadaye nilielewa. Kisu cha kukata kamba hamalizii kwenye jiwe laini kabisa, anakiacha na ukwaruzo kidogo, yale meno madogo yasiyoonekana, kwa sababu ndiyo yanayoikamata kamba. Kisu cha kukata nyanya au kunyoa ndicho anachokipeleka mpaka kwenye ukanda wa ngozi wa kumalizia.

Alipoona ile bluu alisonya. Siyo kwa dharau, ni kama daktari anavyosonya akiona kidonda kilichopakwa majivu. "Mama, hapa wamekichoma." Akanieleza, nami nitawaeleza kwa maneno yangu.

Chuma cha kisu kikitoka kiwandani kimepitia moto mara mbili. Kwanza kinapashwa hadi kiwe chekundu, kwa chuma cha kaboni kama changu ni jirani na nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kinapozwa ghafla. Hapo kinakuwa kigumu kama kioo, na kinavunjika kama kioo. Kwa hiyo kinarudishwa kwenye moto mdogo ili kilegee kidogo, kipate uvumilivu. Moto huo wa pili unaonekana kwa rangi juu ya chuma kilichong'arishwa: karibu na nyuzi 220 kinakuwa cha manjano ya majani makavu, kikifika kama 300 kinakuwa bluu. Springi inataka bluu. Kisu kinataka manjano. Makali ni membamba kuliko karatasi, diski ya grainda inayapasha moto kwa muda wa kupepesa jicho, na bluu ikishatokea ule ugumu umekwenda. Kukinoa hakuurudishi. Unakuwa unanoa chuma laini kila siku.

"Sasa nafanyaje?"

"Tunakila chuma." Alikuwa na maana ya kula kile chuma kilichoungua, kwa mkono, mpaka afike palipo pazima. Milimita mbili hivi karibu na ncha, nusu milimita kwingine. Ndiyo ile 6,000. Alikaa nacho siku mbili, na kila nilipopita alikuwa anakishika dakika chache, anakichovya kwenye ndoo, anarudi kwenye visu vya mama lishe. Hana mashine yoyote. Nilimuuliza kwa nini asinunue hata ya kuzungusha kwa pedali, kama wale wa baiskeli. Akasema alikuwa seremala miaka thelathini, na randa hainolewi kwa baiskeli.

Useremala ndio uliomfanya awe hivi alivyo. Anaposhika kisu anakishika kama patasi: kiwiko kimebanwa ubavuni, kifundo hakichezi, mwili mzima ndio unaokwenda mbele na nyuma. Wengi wetu tunanoa kwa kuzungusha kiganja, na kila tukizungusha pembe inabadilika, makali yanakuwa ya duara kama ukingo wa sahani. Pembe anayotumia kwa visu vya mfukoni ni kama nyuzi 20 kila upande. Kupimia anatumia karatasi ya pakiti ya sigara. Kona ya karatasi ni nyuzi 90. Ikunje katikati unapata 45. Ikunje tena unapata 22 na nusu. Unaisimamisha juu ya jiwe, unalaza kisu juu yake, unaiona pembe kwa macho, kisha unashusha kidogo sana. Mimi nimekwenda shule mpaka kidato cha nne na sikuwahi kufikiria hilo.

Kitu kingine: kabla ya kuanza anapaka wino wa maka peni kwenye makali, pande zote mbili. Anapitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, anatazama wino umefutika wapi. Ukifutika juu tu, karibu na bapa, basi umelaza mno. Ukifutika kwenye ncha ya makali peke yake, umeinua mno. Hii nimeiiba na naitumia nyumbani.

Halafu kuna "ulimi". Ndivyo anavyouita yeye. Ukinoa upande mmoja mpaka mwisho, chuma chembamba kinajikunja kuelekea upande wa pili. Hukioni, lakini ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuja nje (kuvuka makali, usifuatishe urefu wake, utajikata) unahisi kinakwaruza. Mpaka ulimi utokee kuanzia shingoni hadi nchani, hujamaliza upande huo, hata kama mkono umekufa ganzi. Ukitokea, geuza. Na kosa linalofanya watu waseme "kimenolewa jana, leo butu" ni kuuacha ulimi palepale. Unakata kweli siku ya kwanza, kisha unajilaza au unakatika, na chini yake hakuna kitu. Mzee anautoa kwa kupunguza uzito wa mkono kila mara anapogeuza, mwisho kisu kinagusa jiwe kwa uzito wake tu. Kisha anakivuta kinyumenyume kwenye ukanda wa ngozi ya ng'ombe aliougongomea kwenye ubao, umepakwa dawa ya kung'arishia shaba. Mgongo ndio unaotangulia. Ukitanguliza makali unachinja ukanda, na ukanda wake una makovu ya wateja waliotaka kujaribu.

Opinel ilirudi imekonda, ncha imesogea nyuma kidogo, lakini ni hai. Mavuno yote yaliyobaki niliipitisha kwenye ngozi jioni, kwenye jiwe mara moja tu. Kwa shamba langu hiyo ni habari kubwa, kwa sababu Agosti upepo wa Dodoma unabeba mchanga na kila kikonyo kina vumbi. Vumbi letu lina kwazi nyingi, yale madini magumu ya mchanga, na kwazi ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Ukikata kichala chenye vumbi ni kama unakata msasa. Ndiyo maana kisu cha kuchunia mbuzi aliyekuwa akigaragara kwenye vumbi kinakufa haraka hata kama ni cha bei mbaya. Wachunaji wajuzi wanapasua ngozi kutokea ndani, ili makali yasipite juu ya manyoya.

Kuhusu kutu: watu wa Dar es Salaam wananiambia chuma cha kaboni ni adha, kinakula kutu ukigeuka tu. Kwao sawa, wana bahari na jasho. Kwetu huku mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka. Opinel yangu haijapata kutu ya kuila. Imekuwa nyeusi-bluu kwa asidi ya zabibu, na weusi huo si ugonjwa, ni koti. Unakizuia chuma kisiliwe zaidi. Tatizo langu ni mpini. Kiangazi mti unasinyaa, bapa linalegea kama jino la mtoto. Masika unavimba, kisu hakifunguki bila kugonga kitako cha mpini mezani.

Nikiwa na furaha ya Opinel nikampelekea cha pili, Victorinox nyekundu ya marehemu baba, kisu cha kukunja cha Uswisi. Hii haina kisa kirefu. Jina lenyewe wenye kampuni walilipata mwaka 1921 kwa kuunganisha Victoria, mama wa mwanzilishi, na "inox", chuma kisichoshika kutu. Kaboni yake ni kama nusu asilimia tu, kromiamu, madini yanayozuia kutu, kama 14 au 15, na ugumu wake ni kama 56 kwa kipimo cha Rockwell. Hawakukusudia kiwe kigumu sana. Walitaka kisivunjike ukikitumia vibaya, na kinoleke hata kwenye kitako cha kikombe cha udongo ambacho hakikupakwa rangi. Mzee alikimaliza kwa dakika kumi na mbili, nilihesabu. Alichokifanya cha ziada ni kuchomeka kipande cha mti kwenye nafasi ya bapa, kwa sababu kisu hiki hakina pete wala komeo, kina springi ya mgongoni tu, na kikijifunga wakati wa kunoa kinakula vidole. Shilingi 2,000. Hakuna la kulalamika.

Hapa niweke neno kuhusu sumaku. Majengo, na nadhani kila soko, kuna wauzaji wanaotembea na sumaku. Anaigusisha kwenye kisu, ikinasa anakuambia "hiki siyo stenlesi, mama, chukua hiki kingine". Usikubali. Kijiko na sufuria vya stenlesi vingi vina nikeli, na mchanganyiko huo sumaku haiushiki. Lakini chuma cha stenlesi kinachoweza kutiwa ugumu wa kisu ni cha aina nyingine, na sumaku inakishika barabara. Victorinox inashikwa na sumaku, nimejaribu. Kisu kisichonaswa kabisa na sumaku, mimi ningekinunua kwa kupakia siagi. Na maandishi "440" ubavuni mwa bapa bila herufi mbele yake hayakuambii kitu. Kuna 440A, B na C, na tofauti yake ni kaboni: A ni kama asilimia 0.7, C inafika 1. Aliyeandika namba bila herufi ameamua usijue. Anayeandika "stainless" peke yake amekuambia kina kromiamu, basi. Ni kama mtu akuuzie ng'ombe kwa kukuambia ana miguu.

Cha tatu ndicho kilichotuchosha wote wawili.

Kijana wangu aliagiza mtandaoni kisu cha Kichina, akaniletea zawadi ya mwaka mpya. Kizuri kwa macho, mpini mweusi, kinafunguka kwa kidole kimoja, na ubavuni kimeandikwa D2. Nilimuuliza maana yake, akanitumia makala. D2 kilibuniwa kwa ajili ya mashine za viwandani, kwa kukatia na kubonyezea vyuma vingine. Kaboni asilimia 1.5, kromiamu 12. Nikasema kumbe ni stenlesi, maana kiwango kinachotajwa ni kuanzia kromiamu asilimia 10.5. Hapana. Sehemu kubwa ya ile kromiamu imeoana na kaboni, zimekuwa punje ngumu ndani ya chuma, zinaitwa kabaidi. Inayobaki huru kupigana na kutu ni kidogo. Ndiyo maana kilipopata maji ya embe nikakisahau usiku mmoja, asubuhi kilikuwa na madoa.

Fikirieni zege. Chuma chenyewe ni saruji, kabaidi ni kokoto. Opinel yangu ni kama plasta, mchanga mwororo, inalainika vizuri na inapata makali membamba sana. D2 ni zege la kokoto kubwa. Haliliki haraka, kwa hiyo kisu kinakaa na makali siku nyingi. Lakini ukitaka kulichonga ndipo utajuta, na ukililazimisha liwe jembamba mno kokoto zinang'oka, makali yanabaki na mapengo. Kuna vyuma vilivyotiwa vanadiamu, madini mengine yanayooana na kaboni, kama S30V ya Marekani, ambavyo kokoto zake ni ngumu kuliko aluminiamu oksaidi inayotengenezea vinoo vingi vya kawaida. Hivyo vinataka jiwe la almasi.

Mzee alikinyoosha, akakisikiliza (namaanisha kweli, alikikwaruza kwenye jiwe na kutega sikio), akasema, "Hiki kinakula jiwe." Akaanza na jiwe lake jeusi la silikoni kabaidi, lile la pande mbili la dukani, ambalo linakiweza chuma hiki ila polepole. Saa nzima. Ulimi ulitokea katikati, nchani hakuna. Nchani ukatokea, shingoni hakuna. Mama lishe alikuja, akanolewa visu vyake, akaenda kupika, akarudi na sahani ya wali tukala pamoja. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Siku hiyo tulikula maharage.

Matokeo: kilikata gazeti, lakini kwa sauti ya kuchana. Nywele hakikunyoa. Kwenye kamba za shamba kimekuwa hodari kuliko Opinel, na kimekaa mwezi na nusu bila kuguswa. Kwenye embe ni kama unatumia msumeno. Mzee alikataa kuchukua zaidi ya 2,000, akasema hakumaliza kazi. Nikamlazimisha 3,000 (hakuwa na chenji hata hivyo).

Basi nimpe sifa zake na lawama zake, maana nimeahidi kuwa mkweli. Anakusikiliza, hakiunguzi chuma, hakulishi maneno, na anakuambia kabla kama kisu hakistahili pesa yako. Nilimwona akimrudishia dada mmoja kisu chembamba cha jikoni: "Hiki ni bati, mwanangu, nunua kingine." Maji anatumia badala ya mafuta, na ana sababu: kwa vumbi la Majengo, jiwe lenye mafuta linageuka matope ndani ya saa moja.

Lawama ya kwanza, anarudisha kisu cha kukunja na tope la jiwe ndani ya bawaba. Kisu cha jikoni hakina bawaba, unasuuza na kuondoka. Cha kukunja ukikiacha hivyo, ule unga wa jiwe unasaga msumari wa bawaba kila unapofungua. Ukifika nyumbani, kifungue, kisugue kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kikaushe juani kikiwa wazi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani. Tafadhali, wenzangu wa Dodoma na Singida, msitie mafuta ya alizeti kwa sababu yapo jikoni. Alizeti ikikaa hewani inaganda, inakuwa kama gundi. Nilifanya hivyo mwaka 2014, nikafungua Opinel kwa koleo.

Lawama ya pili ni kubwa zaidi. Lile jiwe lake la kati, la kijivu, limeliwa katikati mpaka limekuwa bonde. Ukiweka rula juu yake unapitisha kidole kidogo chini. Seremala mzima! Kwa visu vya jikoni vilivyopinda tumbo haisumbui sana, lakini kwa bapa lililonyooka bonde linabadilisha pembe kila hatua, kisu kinapanda mlima na kushuka. Naamini hilo lilichangia kwenye D2, maana nchani ndipo palipogoma. Nilimdokeza kwa adabu. Akasema jiwe hilo amelirithi, na mawe mapya ya siku hizi ni chokaa. Nikamwambia halihitaji kubadilishwa, linahitaji kusawazishwa: unalisugua juu ya kitu kilicho tambarare, msasa wa maji umelazwa juu ya kioo, mpaka mistari ya penseli uliyoichora juu yake ifutike yote. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa akanyoe ndevu za babu yake. "Tutaona, mama."

Kwa hiyo nyota nne. Kama una kisu cha chuma cha kaboni, au Victorinox, au cha jikoni chochote kisicho bati, mpelekee bila wasiwasi. Kama mtoto wako amekuletea D2 au kitu chenye vanadiamu, mpelekee lakini umwambie aishie kwenye jiwe jeusi, na ukitumie kwa kamba na maboksi. Kama kisu chako kimeungua bluu, mpelekee leo, na uwe na siku mbili.

Nyota ya tano ninayo kwenye mkoba. Jumatatu nashuka mjini kupeleka sampuli za zabibu, na nimebeba kioo cha dirisha lililovunjika, kipande cha futi moja, kimefungwa kwenye khanga, pamoja na karatasi tatu za msasa wa maji na penseli. Nimempigia simu shemeji amwambie mzee nina zawadi. Sijamwambia ni nini.